Anayechagua kioo si yeye anayelipa stima

Leo alasiri ukiwa kwa matatu inayopanda Upper Hill, au umekwama kwenye foleni pale Westlands, fanya kitu kimoja. Tazama juu. Hesabu majengo ya ofisi yaliyovaa kioo kuanzia chini hadi paani, upande jua linakochomoza na upande linakotua, bila kubagua. Kisha hesabu madirisha yanayoweza kufunguliwa. Hiyo hesabu ya pili utaimaliza kabla kondakta hajakurudishia chenji.

Sisi vijana wa mjini tumekua tukijua kwamba jengo la vioo ndilo jengo la pesa. Ukipata kazi kwenye mjengo wa vioo, mama anawaambia majirani wote. Kampuni changa ikihama kutoka kwa chumba cha juu ya duka la dawa hadi orofa ya kumi iliyozungushiwa vioo, picha ya kwanza inayopanda Instagram ni ya mtu akiwa ameshika kikombe cha kahawa, mgongo kwa dirisha, jiji lote nyuma yake. Na ni picha poa, siwezi kukudanganya. Hata mimi napenda kuona vile vioo vya buluu vikigeuka dhahabu jua likizama nyuma ya milima ya Ngong.

Lakini urembo huo una bili, na bili ina jina la mtu juu yake. Mara nyingi jina hilo si la mstawishaji aliyejenga. Si la msanifu aliyechora. Ni lako wewe uliyekodi nafasi, au wewe uliyeajiriwa na aliyekodi.

Tuanze na hali ya hewa, kwa sababu hapo ndipo mambo yanachekesha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hata Februari, mwezi ambao sote hulalamika, joto la nje mchana huwa nyuzi 27 au 28 hivi, na usiku baridi inarudi. Julai tunatembea na majaketi. Kuna miji mingi duniani ambayo ingelipa pesa kupata hewa kama hii yetu. Ofisi iliyojengwa kwa akili hapa inahitaji vitu viwili tu miezi mingi ya mwaka: kivuli, na dirisha linalofunguka. Sisi tumechukua hewa hiyo ya bure, tukaifungia nje kwa silikoni, halafu tukanunua mashine ya kututengenezea hewa nyingine.

Hilo lilianzaje? Jengo kubwa la kwanza la vioo kupata umaarufu duniani lilikuwa Crystal Palace la Joseph Paxton, London, mwaka 1851, lenye vioo karibu 300,000. Na Paxton alikuwa amejifunza hiyo kazi kwa kujenga nyumba za kukuzia mimea. Shika hapo: nyumba za mimea, katika nchi ya baridi, ambako mtu anautafuta mwale wa jua kama sarafu iliyopotea. Baadaye, mwaka 1952, New York ikapata Lever House, mnara wa ofisi wenye ukuta wa vioo visivyofunguka hata kimoja. Uliwezekana kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimeshafika. Kioo kile na ile mashine vilikuja pamoja kama mume na mke. Sisi tukaona picha ya harusi tukaipenda, bila kuuliza gharama ya kuwatunza wawili hao ikweta.

Sasa elewa kioo kinafanya nini. Kioo cha kawaida, kile cheupe cha milimita 6, huruhusu takriban asilimia 80 ya joto la jua linalokigonga lipite. Mwanga unaingia, unagonga meza, zulia, kompyuta na kipara cha bosi, vyote vinapata moto. Joto linalotoka kwenye vitu hivyo ni la aina nyingine, na kioo hakiliachi litoke kwa urahisi kama mwanga ulivyoingia. Ndiyo maana gari lililoegeshwa juani na madirisha yamefungwa linakuwa jiko. Ndiyo maana wakulima wa maua Naivasha hukuza mimea ndani ya vivungulio, hata kama vyao ni vya plastiki. Ofisi nyingi za vioo mjini ni vivungulio vya watu, tofauti ni kwamba waridi halivai tai.

Na jua la hapa si la London. Sisi tuko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi mwishoni hadi Septemba jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kidogo. Miezi iliyobaki linaegemea kusini. Kwa vyovyote vile, adhuhuri liko karibu na utosi. Hii ni habari njema kwa mjenzi, kwa sababu ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kukingwa na kibaraza kifupi tu cha zege juu ya dirisha. Shida iko mashariki na magharibi. Huko jua linakuja likiwa chini, limekunyooshea kidole usoni, na kibaraza hakilizuii. Mjenzi aliyetulia huziacha pande hizo mbili ziwe na ukuta mzito na madirisha machache, au anaweka mbao, vyuma au zege zilizosimama wima kama mbavu ili zikate mwale. Mjenzi mwenye haraka anaweka kioo pande zote nne, maana mchoro ni ule ule na oda ni moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kabla ya kuanza kuandika nilifanya kazi ya kupokea simu za wateja, orofa ya tano, katika jengo ambalo sitalitaja. Safu yetu ya meza ilitazama magharibi. Ikifika saa tisa huwezi kusoma kitu kwenye skrini. Watu walitoa katoni za karatasi za printa, wakazipasua, wakazibandika kwenye vioo kwa seloteipu. Katoni zikaleta giza, kwa hivyo taa zikawaka mchana kutwa. Kiyoyozi kikawekwa nyuzi 18, na dada aliyekaa chini ya tundu lake alikuwa akija kazini na shuka la Kimaasai. Sasa piga hesabu ya hicho kituko: mtu alilipa pesa ndefu kuweka kioo ili mwanga uingie, mwingine akakifunika kwa katoni, wa tatu akawasha taa kuziba pengo la katoni, wa nne akajifunika shuka mchana saa nane katika nchi iliyo kwenye ikweta. Meza ya msimamizi wetu, usiniulize kwa nini, ilikuwa upande wa kusini wenye kivuli.

Nani alilipa stima ya hiyo sarakasi? Kampuni iliyokodi. Na kampuni ikibanwa na bili inakata wapi? Mshahara, chai, muda wa kazi ya ziada. Wewe unayesoma hii kwenye simu huku umejificha chooni kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye ubaridi, unajua nasema nini.

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo. Mstawishaji anapojenga ili akodishe au auze, anajali vitu viwili: gharama ya kujenga na sura ya kumvutia mpangaji. Kioo bora, kile chenye ngozi nyembamba ya madini inayorudisha joto nje, ni ghali zaidi. Vioo viwili vyenye nafasi katikati ni ghali zaidi pia. Vivuli vya nje ni gharama nyingine. Akivinunua, faida haiingii mfukoni mwake, inaingia kwa mpangaji kupitia bili ndogo ya stima kwa miaka yote. Akiviruka, hasara pia si yake. Na mikataba ya nafasi za biashara mjini mara nyingi huvuka miaka mitano, kwa hivyo ukishatia sahihi umefunga ndoa na jua la saa tisa. Ukitaka kujua kwa nini majengo yetu yako jinsi yalivyo, usitafute ujinga wa mtu. Tafuta nani analipa nini.

Ndiyo maana jengo ambalo mwenyewe ndiye mkaaji huwa tofauti. Nenda Gigiri uone ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Machi 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200. Lina vioo, tena vingi. Lakini ofisi zake hazina viyoyozi. Katikati ya majengo kuna uwazi wenye paa la kupitisha mwanga, hewa yenye joto inapanda na kutokea juu, na nyingine ya ubaridi inaingia kupitia madirisha. Juu paani kuna mita 6,000 za mraba za paneli za sola. Hapo aliyechagua kioo alijua kwamba bili ya stima itamrudia yeye mwenyewe, na ghafla akawa mwerevu.

Wazee pia walijua. KICC iliyokamilika 1973, kazi ya Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na msanifu wetu David Mutiso, haikuvalishwa kioo kama soksi. Madirisha yake yamerudi ndani, nyuma ya zege linalotupa kivuli. Tembea katikati ya jiji utazame majengo ya miaka ya 50 na 60: mengi yana vibaraza, mbavu za zege, matofali yenye matundu. Tuliyaona ya kizamani. Kushuka hadi Mombasa ndiyo utachoka kabisa, kwa sababu kule joto lina unyevu na halipoi usiku. Wenyeji wa Mji wa Kale na Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vyembamba ambapo nyumba moja inaipa nyingine kivuli. Leo kando ya barabara ile ile ya pwani unapata duka la vioo kutoka sakafuni hadi dari, linatazama mashariki, na mhudumu ndani anapepea uso kwa menyu.

Usidhani ni Afrika tu inayokosea. Mwaka 2013 jengo jipya la 20 Fenchurch Street, London, ambalo watu waliliita Walkie-Talkie, lilikuwa na ukuta wa vioo uliopinda kwa ndani kama kijiko. Kijiko kikakusanya jua na kulimwaga barabarani, sehemu za gari aina ya Jaguar lililoegeshwa pale zikayeyuka. London hiyo, ambako jua lenyewe ni la kuazima! Wenye jengo walimlipa mwenye gari pauni 946, na mwaka uliofuata vivuli vikafungwa kwenye ukuta huo. Mimi hiyo hadithi inanifurahisha kwa sababu moja: bili ilirudi kwa mwenye jengo. Kwetu, mnara ukimulika kibanda cha mama wa chapati ng'ambo ya barabara kila asubuhi, mama ndiye anayetafuta mwavuli.

Joto ni la pesa na starehe. Kuna upande wa kioo ambao ni wa damu, na Nairobi inaujua kuliko miji mingi.

Agosti 7, 1998, Ijumaa asubuhi. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa. Kabla ya bomu kuu kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, kulikuwa na mlipuko mdogo. Watu katika maofisi ya karibu walifanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya: walikwenda dirishani kuangalia kuna nini. Ndipo ule mkubwa ukaja. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo vilivyoruka, na kuna walioondoka pale bila macho. Jengo la Ufundi House liliporomoka. Mnara wa Co-operative House wa karibu ulibaki umesimama lakini madirisha yake yaliharibiwa vibaya, na baadaye ukakarabatiwa ukarudi kazini.

Sisemi kila jengo lijengwe kungoja bomu. Nasema kioo kina aina, na tofauti ya aina inaonekana siku ya mkosi. Kioo cha kawaida kikipasuka kinatoa vipande virefu vyenye ncha, visu hasa. Kioo kilichokomazwa motoni hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 600 kisha hupulizwa hewa ya ghafla. Kinakuwa na nguvu mara nne au tano, na kikivunjika kinasambaratika kuwa punje ndogo butu. Hicho ndicho cha mlango wa duka na bafu. Lakini ukishakikomaza huwezi kukikata tena, kwa hivyo fundi akikuambia atakipunguza kidogo kwa grinda ili kiingie kwenye fremu, jua hicho si chenyewe. Aina ya tatu ni kioo cha tabaka: vioo viwili vimeshikwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kikipasuka vipande vinabaki vimenata. Hicho ndicho unachotaka juu ya kichwa chako, kwenye paa la vioo la jumba la maduka, na orofani juu ya njia ambapo watu wanapita.

Na hata walio na pesa zao huteleza. Mnara wa John Hancock, Boston, wenye orofa 60, ulianza kuangusha vioo ukiwa bado unajengwa, mapema miaka ya 70. Mbao zikawekwa mahali pa vioo hadi watu wakautania mnara mzima. Kosa lilikuwa kwenye kiungo kilichoshikanisha vioo viwili, kilikuwa kigumu mno, hakikukubali kioo kitanuke na kunywea. Vioo vyote 10,344 vilibadilishwa. Kama kiungo kidogo kinaweza kuangusha kazi ya wasanifu wakubwa wa Marekani, wewe usione haya kumuuliza mwanakandarasi wako ametumia gundi gani.

Sasa njoo kwa yale majengo ambayo mimi na wewe tunaingia kila siku. Si minara. Nasema yale ya zamani ya River Road, Tom Mboya, Luthuli, yaliyogawanywa ndani kuwa vijiduka vya simu, nguo na vipodozi. Mtindo wa ukarabati siku hizi ni mmoja: lendilodi anapaka korido rangi, anabadilisha vigae, halafu anavalisha uso wa jengo vioo vya buluu juu ya ukuta wa kale. Kwa nje jengo limezaliwa upya, na kodi inapanda. Kwa ndani, yale madirisha ya zamani ya chuma yaliyokuwa yanafunguka, na yale matundu ya hewa juu yake, yamezibwa. Msichana anayeuza viatu orofa ya tatu amebaki na feni ya mkono na balbu saa sita mchana. Na siku moshi ukitokea kwenye waya mbovu, utatokea wapi?

Huo si ukarabati, ni kujipodoa. Kuna namna nyingine, na mfano mzuri ni wa jengo la zamani sana: Empire State Building ya 1931. Mwaka 2010 walipotaka kupunguza bili ya nishati, hawakutupa madirisha yao 6,514. Walifungua karakana ndani ya jengo lenyewe, orofa ya tano, wakayashusha moja baada ya jingine, wakayaosha, wakaweka utando mwembamba wa kuzuia joto katikati ya vioo viwili na gesi ya kujazia, wakayarudisha. Zaidi ya asilimia 90 ya vioo na fremu za zamani zilitumika tena. Kazi ya mikono, kazi ya mafundi. Nikisoma hiyo huwa nafikiria vijana wa Kariobangi wanaokata alumini kando ya barabara: ni nini hapo wasichoweza kujifunza?

Kwa hali yetu, si lazima iwe kubwa hivyo. Kitu cha kwanza, mwenye jengo akitaka uso mpya aache dirisha moja kati ya matatu lifunguke, na liwe na tundu juu la kutoa hewa moto. Kingine ni kivuli, na kiwe nje. Hapa wengi huchanganyikiwa. Pazia la ndani halizuii joto; jua likishavuka kioo limeingia, pazia linakusaidia macho tu. Ubao, chuma chembamba, wavu, hata mmea unaotambaa ukikaa nje ya kioo unalizuia jua kabla halijaingia. Utando wa kubandika, ndugu yake tinti ya matatu, ni nafuu na unasaidia, lakini chagua ule uliotengenezwa kwa ajili ya joto, si ule wa giza tu. Kioo cheusi si lazima kiwe baridi. Mara nyingine chenyewe kinanyonya moto na kukupulizia.

Na vioo vya dukani, vile vya mbele? Baada ya maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025, wafanyabiashara wa katikati ya jiji waliovunjiwa na kuporwa walipata somo chungu kuhusu kioo cha bei rahisi. Baadhi wamekimbilia chuma kitupu. Nawaelewa. Ila duka lisiloonekana ndani halina mteja, na kioo cha tabaka kinampa mwizi kazi ya dakika nyingi badala ya sekunde moja. Hiyo ni hesabu ya kila mtu na mfuko wake.

Mtaniambia vioo vizuri ni ghali kwa sababu vinatoka nje. Kweli, na hapo kuna jambo linaloniudhi. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Magadi! Sisi tuna ziwa zima kule Kajiado ambalo jina lake ni Magadi, na limechimbwa kwa biashara zaidi ya miaka mia moja, sehemu kubwa ya mzigo ikiuzwa ng'ambo. Viwanda vyetu vinatengeneza chupa vizuri sana, uliza watu wa bia. Lakini kioo bapa cha dirisha tumekuwa tukikiagiza kama mtu anayeuza maziwa kisha ananunua mtindi kwa jirani. Watanzania wamejenga kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, Mkoa wa Pwani, na Rais Samia Suluhu Hassan akakizindua 2023. Sina wivu nao, nina maswali kwetu.

Kwa kijana anayetafuta ujuzi, hapa kuna riziki ambayo haizungumzwi. Kila mtu anataka kufunza au kufunzwa usimbaji wa kompyuta. Sawa. Lakini mji huu una maelfu ya mita za mraba za kioo kilichowekwa vibaya, na mtu anayejua kupima jua linapiga wapi, kutambua aina ya kioo, kufunga kivuli cha nje na kuziba kiungo kisivuje, huyo hatakosa kazi. Vyuo vya ufundi vinafunza kukata alumini. Viongeze kidogo hapo: kwa nini upande huu na si ule, kwa nini kioo hiki na si kile.

Serikali nayo ina kazi yake. Kwa miaka mingi ujenzi hapa uliongozwa na kanuni za 1968, za wakati kioo kilikuwa dirisha tu, si ukuta. Kanuni mpya za kitaifa za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Vizuri. Sasa maafisa wa kaunti wanaopitisha michoro, na wakaguzi wa NCA, waulize maswali mawili kwa kila ukuta wa vioo kabla ya kugonga muhuri: upande wa magharibi umekingwa na nini, na kioo kilicho juu ya vichwa vya watu ni cha aina gani? Na mwenye kujenga alazimishwe kumwonyesha mpangaji makadirio ya stima kabla ya mkataba, jinsi mwenye gari anavyotaja mafuta linayokula. Bei ikionekana mapema, mstawishaji ataanza kuona faida ya kivuli bila kuhubiriwa.

Kabla hayo hayajafika, wewe na wenzako mnaotafuta nafasi ya studio, kinyozi, ofisi ya watu watano, mna silaha zenu. Omba kuona bili za stima za miezi ya Januari hadi Machi za mpangaji aliyetoka, na jihadhari na anayekataa kuzitoa. Jaribu kufungua kila dirisha kwa mkono wako mwenyewe. Tafuta alama ndogo iliyochapwa kwenye kona ya kioo cha mlango. Kioo kilichokomazwa kwa kawaida huwa nayo. Uliza kama unaruhusiwa kufunga kivuli nje, na jibu liandikwe kwenye mkataba, si kwa WhatsApp.

Na nenda kuangalia nafasi hiyo saa tisa alasiri. Ajenti atakuambia ana nafasi saa tatu asubuhi tu, wakati upande wa magharibi bado una kivuli na mandhari ni ya kupiga picha. Mwambie hakuna noma, utangoja chini.